Roho Mbili Ndani ya Gunia

Mwezi uliopita alipita mnunuzi wa vyuma chakavu na baiskeli yake, akaingia uani kwangu kabla sijamaliza kumwitikia hodi, akaikuta ile sufuria kubwa ya shaba nimeiegemeza ukutani. Aligonga kitako chake kwa kidole, akasikiliza, akasema, "Mama, hii shaba tupu. Tuipime?" Nikamwambia haipimwi, humo mliwahi kuwekwa roho za watu. Kijana wa watu alirudi nyuma hatua mbili, akapanda baiskeli, na tangu siku hiyo akifika mtaani kwetu anapita upande wa pili wa barabara. Wajukuu zangu walicheka mpaka wakashikana mbavu. Nami nilicheka, ila sikuwa namtania yule kijana peke yake. Kulikuwa na siku niliamini jambo hilo kwa moyo wangu wote, na kosa langu lile ndilo lililotulisha miaka mingi.

Nilikulia Kishapu, nyuma ya duka. Babu yangu alifika huko na punda wawili, kabla hata ya mizani ya pamba, akinunua ngozi na samli kwa Wasukuma na kuwauzia chumvi na kaniki. Alitoka Manga, yaani Uarabuni, akakaa Unguja, akaoa, kisha akaja bara na mwanawe mkubwa. Mke na mtoto mchanga aliwaacha kisiwani akisema atarudi msimu ukiisha. Msimu haukuisha. Yule mwana mkubwa ndiye baba yangu. Alikua akichunga ndama pamoja na watoto wa Kisukuma, akaoa Msukuma, ambaye ni mama yangu, na ukimsikia anavyosema Kiswahili ungedhani katokea Didia, huko huko Usukumani. Barua kwake ilikuwa "balua", na yeye mwenyewe alikuwa "Mwalabu".

Baada ya watu wa babu walikuja Wahindi, wakifuata reli na pamba. Duka lililotazamana na letu lilikuwa la Mama Kanji, mjane wa Kihindi mwenye sauti nzito, aliyejua Kisukuma kuliko Kiswahili na aliyeweza kubishana bei ya khanga kwa Kisukuma hadi mteja akaomba maji. Duka lake lilikuwa na sakafu ya saruji na kabati la vioo. Letu lilikuwa la udongo na bati. Sikuona ubaya wowote, maana nilidhani dunia imepangwa hivyo: kila watu wanaokuja Kishapu wanakuja na kitu chao cha kuuza. Waarabu walikuja na chumvi, Wahindi wakaja na nguo na baiskeli, na bila shaka siku moja treni italeta watu wengine na kitu kingine.

Yule mtoto mchanga aliyebaki Unguja alikuwa Ami Nasoro, mdogo wa baba. Hawakuwa wamewahi kuonana tangu mmoja akiwa wa kubebwa. Waliandikiana barua. Baba akizipokea alitusomea kwa sauti, akinyoosha shingo, na sisi tukasikia habari za shamba la karafuu, nyumba ya ghorofa yenye baraza mbili, na wachumaji wasiohesabika. Kisha baba alikaa kwenye gunia la chumvi na kuandika majibu. Nilikuwa nikisimama begani kwake nikimsoma, ndipo nilipojua kwamba tuna jumba la mawe lenye vyumba kumi na ng'ombe mia tatu. Haikunishangaza. Nilidhani hiyo ndiyo adabu ya barua: unaanza kwa salamu, unafuatia na jumba la mawe.

Kisha mambo ya kisiwani yakachafuka. Sikuelewa chochote, ila redio ya Mama Kanji ilizungukwa na wanaume siku kadhaa na baba hakula chakula. Miezi ikapita. Siku moja ikaja barua kutoka Dar es Salaam, fupi, haina shamba wala baraza. Ami Nasoro yu hai, yeye na binti yake Zuwena, na wanakuja kwetu kwa treni. Mke wake alikuwa amefariki zamani. Mama, aliyekuwa akifikiria nafasi ya kuweka mizigo, akauliza, "Wanakuja na nini?"

Baba alikunja barua taratibu. "Hawana kitu," akasema. "Wametoka na roho zao tu."

Nilitafakari sana maneno hayo. Chumvi naijua, khanga nazijua. Roho sikuwahi kuiona, na sikuweza kufikiria mtu wa Kishapu atakayeinunua.

Lori lililokuja kuchukua pamba ndilo lililowashusha mbele ya duka, wamejaa vumbi mpaka kwenye kope. Ami Nasoro alikuwa mtu mwembamba, mwenye kanzu ambayo zamani ilikuwa nyeupe. Zuwena alikuwa rika langu, kavaa viatu vyenye bizimu, jambo ambalo sikuwahi kuliona kwa mtoto asiye wa Mama Kanji. Na juu ya pamba kulikuwa na mzigo mmoja, mviringo, mkubwa, umeshonewa ndani ya gunia na kufungwa kamba za katani. Utingo alipotaka kuutupa chini Ami alipiga kelele, "Taratibu, bwana! Taratibu!" Akaupokea kifuani mwake mwenyewe, akayumba nao, na asikubali mtu amsaidie. Hapo nikajua. Nilitazama watu, wawili. Nikatazama mzigo, na ukubwa wake ulitosha kabisa kubeba roho mbili.

Mama alipiga magoti kumsalimia shemeji yake kama wanavyosalimia kwao, akasema, "Mwadila." Zuwena akadhani mama ameangusha kitu, naye akainama haraka, akaanza kupapasa vumbi. "Umeangusha sindano, mama?" aliuliza kwa sauti ya upole. Mama hakutaka kumvunja moyo mgeni, akaanza kupapasa naye. Walikaa hivyo kwa muda, wote wawili wakitafuta sindano ambayo haikuwapo, mpaka Mama Kanji kutoka ng'ambo ya barabara akauliza wanalima nini.

Ndipo Zuwena aliponyanyuka, akazungusha macho, akamwuliza baba, "Ami, na lile jumba la mawe li wapi?"

Baba alikohoa. "Liko," akasema. "Liko mbali kidogo."

Ami Nasoro alitazama kuta za udongo, akatazama bati lililoshikiliwa na mawe matatu, akainamisha kichwa. Naye baba hakuuliza habari za karafuu. Wakapewa banda la uani lililokuwa la kuwekea madebe ya samli, na ule mzigo Ami akausukuma mvunguni mwa kitanda.

Sijui kama nimewahi kufurahi kama siku zile. Nilikuwa mtoto pekee, na ghafla nilipata mtu wa kugombana naye kuanzia kuamka. Zuwena alinifundisha kusema "rafiki". "Ra, Sada. Ra! Ulimi utetemeke. Mbona weye wasema 'lafiki' kama mwenye njugu mdomoni?" Nami nikamfundisha kuitikia "mhola" anaposalimiwa na watu wanaopita na mikokoteni ya pamba, akaitikia kila mtu, hata ng'ombe waliokokota. Alinisimulia bahari na mimi sikuamini. Nilimsimulia nungunungu anayechezeshwa ngomani na yeye hakuamini. Tuliitana waongo kwa mapenzi makubwa.

Shida ilikuwa Ami. Baba alimweka dukani, na dukani hakufaa. Hakujua Kisukuma, na mkono wake ulikuwa mwepesi mno kwenye mizani. Mtu akinunua chumvi Ami alimwongezea ukufi, akimtazama usoni akamwongezea mwingine. Baba alivumilia. Kisha siku moja, tukiwa tumeketi kwenye mkeka tunakula ugali wa mchana, akasema bila kumwangalia mtu.

"Nasoro, duka moja halilishi nyumba mbili. Ujiji kuna jamaa wa mama yetu, wana mitumbwi, wana nafasi. Pamba ikiisha, lori la mwisho litawapeleka stesheni." Akamega tonge, akalirudisha. "Ungekuwa umetoka na chochote. Hata karafuu gunia moja tungeanzia hapo."

"Kweli, kaka," alisema Ami.

Nilimtazama Zuwena. Alikuwa ameacha kutafuna.

Kesho yake hakuamka. Wala ya pili yake. Hakuwa na homa, hakulia. Alilala ameelekea ukuta, uji ukapoa, maziwa yakaganda. Mama alikaa kitandani, akamgusa paji la uso, akamgusa nyayo, akatikisa kichwa. "Joto hana, mayu," aliniambia. "Mwili wake tunao hapa. Roho ndiyo haipo."

Watu wazima wana namna ya kusema mambo makubwa kisha wakaenda kuosha vyombo. Nilibaki nimesimama. Haipo? Mimi nilijua ilipo! Ilikuwa mvunguni mwa kitanda kilekile, imeshonewa ndani ya gunia tangu Unguja, na hakuna aliyekumbuka kumpa mwenyewe.

Nilikwenda dukani nikachukua kisu cha kukatia sabuni. Nilirudi, nikalala kifudifudi, nikauvuta ule mzigo kwa nguvu zangu zote mpaka ukatoka. Nilikata kamba za katani moja moja. Nikachana gunia. Kukatokea shaba nyekundu, pana kuliko mikono yangu miwili nikiinyoosha, nikaona uso wangu humo umevimba mashavu. Nikaingiza kichwa. Hamkuwa na kitu ila mwiko wa mti, mrefu karibu sawa na mimi, umefungwa kwa shuka.

Nikaelewa nilichofanya. Nimefungua ovyo, na zimenikimbia. Sufuria ikaniponyoka, ikabingirika hadi mlangoni, ikaanguka kwa kishindo cha kengele ya stesheni. Nami nikatoka nje, mikono kichwani, nikipiga yowe: "Zimetoka! Jamani, roho zimetoka! Roho ya Zuwena imetoka!"

Msomaji wangu unajua maneno hayo yana maana gani kwa mtu mzima mwenye akili timamu.

Mama aliangusha chungu. Baba aliruka meza ya duka, yeye ambaye siku zote aliizunguka. Mama Kanji alivuka barabara na unga wa chapati mpaka viwikoni, analia kwa Kisukuma. Ghala la pamba lilikuwa jirani yetu, na wakulima walikuwa wamepanga foleni siku ya tatu wakisubiri mizani, hivyo kufumba na kufumbua uwanja ulijaa. Mbele yao alikuwa Masanja, kijana mpana wa mabega, ambaye alikuwa nsumba ntale wa kijiji chake, yaani kiongozi wa vijana wanaolima mashamba ya watu kwa zamu huku wakiimba. Alivua kofia, akamshika baba mkono. "Pole na msiba, Mwalabu," alisema. "Kabuli tutachimba sisi."

Na hapo mlangoni, nywele zimesimama, akatokea Zuwena akijikuna. "Nani kafa?" akauliza.

Mama alimkimbilia akamshika uso, akamgeuza huku na huku, akamkumbatia hadi yule mtoto akaomba pumzi. Kisha macho yote yakahamia kwangu na kisu changu cha sabuni. Nikaeleza huku kwikwi imenishika. Nilisema baba ndiye aliyesema wametoka na roho zao tu, na mzigo ulikuwa mmoja, na mama akasema roho haipo, basi mimi ningefanyaje?

Masanja ndiye aliyeanza kucheka. Aliinama, akajishika magoti, na foleni nzima ya pamba ikamfuata. Lakini baba hakucheka. Alikuwa akiitazama ile sufuria.

"Nasoro," alisema. "Hii nini?"

Ami Nasoro alikuwa amekuja nyuma ya wote. Alipiga magoti, akaipangusa vumbi kwa upindo wa kanzu yake. "Sufuria ya haluwa."

"Ya nani?"

"Yangu, kaka." Hakuinua uso. "Ndilo shamba langu la karafuu. Sijapata kuwa na jingine. Nilikuwa nakoroga haluwa uchochoroni, na watu watatu wa kunisaidia. Mambo yalipochafuka niliacha vyote, hii nikashindwa kuiacha. Nikaona haya kukuonyesha."

Nilimwonea huruma kiasi kwamba nilitaka kulishona tena lile gunia. Baba akaketi chini, palepale vumbini mbele ya wateja wake, akanyoosha mkono kuelekea ukuta wetu wa udongo.

"Basi karibu," akasema. "Na hili ndilo jumba langu la mawe."

Wakatazamana. Mama akacheka mpaka akajifuta machozi kwa khanga, kisha wale ndugu wawili nao wakaanza, wakapigana mabega, wakataja barua moja baada ya nyingine. "Na wachumaji?" "Na ng'ombe mia tatu?" Walikumbatiana kindugu siku ile, miezi miwili baada ya kuonana.

Siku iliyofuata mama alisema ile sufuria haiwezi kukaa bure wakati watu wana fedha za pamba. Ami alikataa. Haluwa ya nini hapa? Hakuna lozi, hakuna zafarani, hakuna wanga. Mama alikwisha kuanza kukwaruza mihogo na kuloweka kupata wanga. Mama Kanji alileta iliki kwenye kinu chake kidogo cha shaba, akasema hatoki mpaka aone. Badala ya lozi, mimi na Zuwena tulipewa karanga tukaange. Alikuwa ameamka, kala uji bakuli mbili, na alikuwa ananisema kwamba naunguza.

Vita ilikuwa kwenye samli. Mama alileta debe kutoka kwa ndugu zake, samli ya kusukwa ndani ya kibuyu, yenye harufu ya moshi na ng'ombe. Ami aliinusa akarudi nyuma. "Shemeji, samli hii inanuka zizi."

"Kwani yenu ya kwenu inanuka nini?" alijibu mama. "Karafuu?"

Baba alicheka mpaka akaegemea mlango. Samli ikaingia.

Mafiga yalipangwa uwanjani, karibu na foleni, na Ami akavua kanzu akabaki na shuka na fulana. Aligeuka mtu mwingine kabisa. Yule aliyekuwa hafai mbele ya mizani sasa alitoa amri. Sukari iyeyuke, wanga uingie, kisha mwiko usisimame! "Ukisimama kwa muda wa kupiga chafya tu, imeshika chini, na ikishika chini ni ya kumwaga." Alikoroga kwa mwili wote, na ile haluwa ikaanza kuwa nzito, ikipumua mapovu makubwa. Lakini haluwa ni kazi ya saa tatu, na kwao aliifanya na wenzake watatu. Saa ya kwanza haijaisha tuliona mwiko unamshinda. Baba akampokea. Baba alikuwa na mikono ya dukani, akachoka mara moja, mwiko ukaanza kwenda kama mtu anayesinzia. Ami alikuwa amekaa chini anahema, anaitazama sufuria kwa macho ambayo nilikuwa nimeyaona kwa Zuwena akiwa amelala. Nikamshika Zuwena mkono. Tulijua wote kwamba ikishika chini, lori la Ujiji ndilo linabaki.

Masanja alikuwa amesimama kitambo na wenzake, wakitazama. "Baba, hiyo ni glisi ya gali?" alimwuliza Ami.

"Ni haluwa," alisema Ami.

"Inataka nini?"

"Inataka isisimame."

"Hicho tu?" Masanja alitema mate viganjani, akasugua. "Sisi tunalima shamba toka asubuhi hadi jua kichwani, na jembe halisimami, gete, kweli kabisa. Leta."

Akaushika mwiko ukiwa bado mikononi mwa baba, akaenda nao mizunguko miwili, baba akachomoka. Ndivyo wanavyopokezana kazi wenzetu: anayeingia hakusimamishi, anashika mwendo wako kwanza. Kisha Masanja akaanza wimbo wa kulimia, wenzake wakaitikia, na ule mwiko ukaingia kwenye wimbo. Akamtungia Ami maneno papo hapo, mama akatutafsiria huku anapiga makofi: kuna Mwarabu kaja kulima bila jembe, shamba lake lina upana wa sufuria, na amelipanda karanga na samli. Kila ubeti ulipoisha alipokea mwingine. Walipita vijana kumi au zaidi, foleni ya pamba ikavunjika, karani wa mizani akatoka kulalamika na yeye akapewa zamu. Ami alizunguka sufuria na kijiko chake cha samli, anatia, anarudi, anatia, machozi yanamtoka na wala hakuyafuta. Nadhani alijisahau kwamba yuko Kishapu, au labda ndiyo mara ya kwanza alijua yuko.

Ilipoanza kujiachia pembeni na kung'aa, Ami akapaza sauti, "Imeiva! Epueni!" Wakaipua watu wanne. Hatukuwa na vikapu vya ukindu vya kuwekea, ikagawiwa kwenye vipande vya majani ya mgomba alioupanda Mama Kanji panapotokea maji yake ya kuogea. Masanja alipewa kwanza. Alinusa. Alitia mdomoni, akatafuna karanga, akafumba macho, na watu wote wakamsubiri.

"Mwalabu," alisema. "Hii samli ya kwetu."

"Ndiyo," Ami alisema kwa woga. "Samahani, ina moshi..."

"Ya kwetu, gete!" Masanja akawageukia wenzake. "Njooni. Ni ya kwetu!"

Haikupona hata ya kuonja jioni. Sisi watoto tuliachiwa sufuria. Zuwena na mimi tuliingiza vichwa vyote viwili humo kukwangua ukoko, na ndani mle, katika giza tamu la shaba na iliki, nikamwuliza jambo lililokuwa likinisumbua. "Roho yako umeipata?"

"Ilikuwa imeshika chini," akasema, mdomo umejaa.

Miaka iliyokuja ilizungusha mambo kwa namna ambayo babu na punda wake wasingeamini. Ulifika wakati maduka ya watu binafsi yakafungwa, kijiji kikafungua lake, na baba, mwenye duka, akabaki na meza tupu. Ndipo ile sufuria ilipolisha nyumba mbili, na baba akawa mtia kuni wa mdogo wake, akiagizwa na kukaripiwa, na ninaapa hakuwahi kuwa na furaha zaidi. Mama Kanji, ambaye kabati lake la vioo tulilionea wivu utoto wetu wote, watoto wake walimwita ng'ambo. Aliniachia kinu cha iliki na kuniaga kwa Kisukuma, kwa sababu kwa lugha nyingine alisema hataweza. Sukari ilipoadimika Ami alipika kwa sukari guru, haluwa ikatoka nyeusi, na wateja wakasema ndiyo nzuri zaidi. Wana wa Zuwena waliwafuata wachimba dhahabu Geita na birika za kahawa na haluwa ya kukata, kati ya watu wa kila kabila waliokuja na sururu. Zuwena mwenyewe yuko huko hadi leo, mnene, mwenye nyumba ya matofali. Tukizungumza kwa simu bado ananisahihisha "rafiki".

Lakini nimeruka siku moja, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote.

Pamba iliisha. Haluwa ilikuwa imepikwa kila mnada, lakini baba hakuwa amesema lolote kuhusu Ujiji, na kwa kuwa hakusema, neno lake la kwanza lilikuwa bado limesimama. Asubuhi lori la mwisho likaja likasimama mbele ya duka. Ami, mtu wa heshima, alikuwa tayari ameisugua sufuria na kuifunika shuka. Akauliza kwa upole kama kuna aliyeona lile gunia la kuishonea, na shazia ya kushonea. Zuwena alikuwa amevaa viatu vyake vya bizimu. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, nimeuma khanga ya mama nisilie.

Baba alitoka stoo na lile gunia mikononi. Akamwambia dereva asizime gari, aende, hakuna abiria. Kisha akalitandaza gunia chini, akalipasua katikati kwa kile kisu cha sabuni, akaenda nalo mpaka banda la uani, akalilaza kwenye kizingiti cha Ami Nasoro, akalinyoosha pembe kwa mikono yake. Hakumtazama mtu. Akapiga hodi, yeye mwenye nyumba, akasubiri hadi Ami, nyuma yake, alipoweza kusema karibu.

Akajifuta miguu juu ya gunia, mmoja, halafu wa pili, akaingia.